Pishi na Pipa

Katika viambo vya pwani ya kusini, toka Lindi mpaka Kilwa na kupanda hata Rufiji, msafiri atembeaye kwa miguu huona mara kwa mara ua wa miti mifupi yenye majani mapana na utomvu utiao doa katika nguo, na akiuliza jina lake huambiwa kuwa ni mbono kaburi. Jina hilo halikuokotwa njiani. Mti huu ulipandwa kuzunguka makaburi kwa kuwa mifugo haiuli, kwa kuwa kijiti chake kikichomekwa ardhini hushika bila ya kubembelezwa, na kwa kuwa hudumu miaka mingi baada ya kibao kuoza na jiwe kudidimia, hata wajukuu wakawa hawana alama nyingine ya kuwaonyesha alipolazwa babu yao. Wajuzi wa mimea husema kuwa asili yake ni Amerika ya Kati, na kuwa Wareno ndio walioufikisha Afrika. Mbegu zake ni sumu kwa mtu na kwa mnyama, lakini thuluthi moja hivi ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hayo yalifaa kwa taa na kwa sabuni. Basi mti mmoja ulikuwa na utumishi wa namna mbili: uliwalinda wafu, na uliwaangazia walio hai.

Mwanzoni mwa karne hii mti huu wa makaburini uliitwa katika utumishi wa tatu. Bei ya petroli ilikuwa imepanda, wataalamu walikuwa wamekwisha thibitisha ya kwamba moshi wa mitambo yetu unaipasha dunia joto, na mataifa ya Ulaya yalikuwa yakitafuta mafuta yaotayo badala ya mafuta yachimbwayo. Ikaonekana kuwa mbono, mti usioliwa, usemwao kuwa hautaki maji mengi wala hauchagui udongo, ndio dawa moja ya maradhi mawili. Kampuni kutoka Uingereza, Uholanzi na Uswidi zikaja Kisarawe, Kilwa na Bagamoyo kuomba ardhi, nyingine kwa ajili ya mbono na nyingine kwa ajili ya miwa. Kilwa ilikuwa na ajabu yake ya peke yake, maana katika wilaya hiyo hiyo, huko Songo Songo, gesi ya asili iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 hupita ndani ya bomba kwenda Dar es Salaam kuwasha umeme. Hivyo wilaya moja ya wavuvi na wakulima ilijikuta imekalia mioto miwili: mmoja umefukiwa chini tangu kabla ya binadamu kuumbwa, na mwingine ungali mbegu mkononi mwa mpandaji. Mtu asimamaye ufukoni Kilwa Masoko alikuwa na haki ya kuuliza ni upi kati ya mioto hiyo ulio halali zaidi kuuwasha.

Aghalabu swali hilo huachiwa wahandisi na wafanyabiashara. Mhandisi hupima joto la kila lita, mfanyabiashara hupima faida ya kila tani, na vipimo vyao, vikifanywa kwa uaminifu, ni vya kweli. Lakini vipimo viwili hivyo havitoshi, kwa sababu lita na tani hazina ulimi wa kusema zimetoka katika shamba la nani, wala zingekwenda katika chungu cha nani kama zisingekwenda katika tangi. Hapo ndipo pahali pa haki, na masala ya haki hayawezi kuamuliwa na mashine. Mimi si mhandisi wala si mfanyabiashara. Nataka kulichukua swali hili mpaka mlangoni pa dini na hekima, nikitumaini kuwa msomaji atanivumilia nikienda polepole.

Dini zetu hazikuuona moto kuwa ni kitu duni. Msomaji wa Kurani hukumbushwa katika Sura ya Yaasin habari za moto utokao katika mti mbichi, na katika Sura ya Waaqia huulizwa ni nani aliyeuotesha mti huo. Msomaji wa Biblia naye humkuta Musa mbele ya kijiti kiwakacho bila ya kuteketea. Elimu ya maumbile imekuja baadaye kulieleza jambo hilo kwa lugha yake: jani hupokea nuru ya jua, huvuta hewa ya ukaa, huichanganya na maji, na huweka akiba ya nguvu katika sukari, wanga, mafuta na ubao. Achomaye ukuni hulifungua jua la miaka michache iliyopita. Makaa ya mawe ni misitu iliyozikwa yapata miaka milioni 300 nyuma, na petroli ni viumbe vidogo mno vya baharini vilivyolala chini ya matope mpaka vikageuka mafuta. Kwa hiyo mbono na petroli ni ndugu wa baba mmoja, na baba huyo ni jua. Tofauti yao ni umri tu. Lakini katika mali, umri hubadili hukumu, kwani mmoja wao ni pato la mwaka na mwingine ni urithi.

Alaye pato lake la mwaka, maadamu apanda tena kadiri ya alichovuna, huirudisha hewani hewa ile ile iliyovutwa na majani yake mwaka huo, na daftari lake hufungwa sawasawa. Afunguaye urithi wa mamilioni ya miaka na kuuteketeza katika karne mbili humwaga hewani kitu ambacho hakuna msitu wa leo uliojiandaa kukipokea. Kabla ya viwanda vya Ulaya kushika kasi, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo imepita 420. Dhara yake haiwaangukii wenye kuchoma peke yao. Mvua ikikataa kwa mfugaji ambaye hajapata kumiliki hata pikipiki, au bahari ikila ufuko wa kijiji kisicho na gari, aliyeumia si aliyefaidi, na hilo katika kila sheria ya watu wenye akili huitwa dhuluma. Wala mafuta ya ardhini hayana mikono safi huko yatokako: delta ya mto Niger imechafuliwa na mafuta kwa miongo mingi, na Ken Saro-Wiwa, mwandishi aliyeisemea ardhi ya Waogoni wa delta hiyo, alinyongwa na serikali ya kijeshi ya Nigeria tarehe 10 Novemba 1995. Yeyote atakaye kuyashitaki mafuta ya mimea na aanze kwa kukiri kuwa mafuta ya ardhini, yaliyo mpinzani wa mafuta hayo katika kesi hii, si malaika.

Wanaoyatetea mafuta ya mimea wana ushahidi mwema. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ya namna aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na mwenyewe baadaye aliandika juu ya matumaini yake kwa mafuta ya namna hiyo; maana yake ni kwamba injini ya dizeli ilionja karanga tangu utoto wake. Brazil, baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, ilianzisha mwaka 1975 mpango wa taifa wa kutengeneza ethanoli, yaani spiriti ya kuendeshea magari, kutokana na miwa, na mpango huo haukufa. Miwa humrudishia mkulima wake nguvu ipatayo mara nane ya nguvu ya visukuku iliyotumika kuilima na kuigeuza, kwa kuwa kiwanda chenyewe hujipasha moto kwa makapi ya miwa. Na katika kisiwa cha Bougainville, wakati wa vita na kuzingirwa katika miaka ya 1990, watu walionyimwa dizeli waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi waliyoyakamua wenyewe. Mwenye kumcheka mtu wa Bougainville hana adabu. Mtu yule alikuwa na minazi yake, alikuwa na dharura yake, na hakumnyima mtu yeyote tui la mchuzi wake.

Lakini si kila mtu ni mtu wa Bougainville, na hapa nauomba msaada wa kipimo kimoja cha zamani.

Pishi ni vibaba vinne. Kila mwisho wa Ramadhani, baba wa nyumba hupima pishi moja moja ya chakula walacho watu wa mji, kama kilo mbili na nusu kwa kila kichwa kilicho chini ya dari lake, akampa maskini kabla ya sala ya Idi. Hiyo ndiyo zaka ya fitri, na hata mtoto aliyezaliwa jioni ya mwisho ya mfungo hutolewa pishi yake. Sasa na tuipeleke pishi hii kiwandani. Tani moja ya mahindi hutoa lita 400 hivi za ethanoli. Tangi la gari dogo lenye kuchukua lita 50 litataka basi kilo 125 za mahindi, nazo ni pishi hamsini: fitri ya watu hamsini. Kwa kuwa ethanoli ina theluthi mbili tu ya nguvu ya petroli, tangi hilo litamchukua mtu mmoja kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa Masoko, kama gari lake ni la kawaida, na kumwacha huko akitafuta mafuta ya kurudia. Insafu yanitaka niongeze kuwa mahindi hayo hayapotei yote, kwani kama theluthi yake hubaki kiwandani ikawa chakula cha mifugo. Tuitoe theluthi hiyo katika hesabu. Bado watu thalathini na watatu wametoa fitri yao kumsafirisha mmoja.

Hesabu hii si mchezo wa mwandishi. Marekani, kwa sheria za mwaka 2005 na 2007, iliwalazimisha wauza mafuta kuchanganya kiasi kikubwa cha ethanoli katika petroli, na zaidi ya thuluthi moja ya mahindi ya nchi hiyo, ambayo hulima mahindi kushinda nchi yoyote duniani, ikawa inapita katika viwanda vya spiriti. Mwanzoni mwa mwaka 2007 maelfu ya watu walijaa katika barabara za mji wa Mexico wakilalamikia bei ya chapati zao za mahindi. Na Oktoba mwaka huo Jean Ziegler, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa katika masala ya haki ya chakula, alitamka kuwa kuigeuza ardhi ya chakula kuwa ardhi ya mafuta ya magari ni jinai juu ya wanadamu, akaomba kazi hiyo isimamishwe kwa miaka mitano. Yako mengi yaliyoipandisha bei ya chakula miaka ile, yakiwamo ukame na bei ya mafuta yenyewe, wala si uadilifu kuitwika ethanoli mzigo wote. Lakini maskini anunuaye unga kwa kibaba haulizi ni sababu ipi kati ya sababu tano iliyompunguzia kibaba chake. Hujua tu kwamba sokoni amesimama pamoja na mnunuzi mwingine asiyekula, asiyeshiba na asiyechoka kuongeza bei, naye ni gari.

Atasema mtetezi: hiyo ndiyo sababu tulichagua mbono, kwani mbono hauliwi. Hoja hii ina sura nzuri, na mimi nilipoisikia mara ya kwanza niliipenda. Ila mbono hauliwi, na ardhi yake huliwa. Mti huu huishi kweli katika udongo mkavu, lakini kuishi si kuzaa. Aliyetaka mbegu za kujaza magunia, na magunia ya kujaza meli, aliona upesi kuwa mavuno mema ya mbono hutaka udongo mwema na maji, kama mavuno mema ya kila kitu. Huko Kisarawe kampuni ya Kiingereza ilipewa kwa miaka 99 zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji zaidi ya kumi. Mwaka 2011 kazi ikasimama, mamia ya vibarua wakarudi nyumbani, na manung'uniko ya wanakijiji juu ya fidia na maji yakafika mpaka katika magazeti ya Uingereza. Huko Kilwa kampuni ya Kiholanzi iliyopewa kama hekta 34,000 ilifilisika mwaka 2010. Na hapa pana jambo la sheria ambalo kila mwanakijiji wa Tanzania yampasa alijue: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji haipewi mwekezaji wa kigeni mpaka kwanza ihamishwe na kuwa ardhi ya jumla, na ikisha kuhama, mwekezaji akiondoka, yeye huondoka peke yake, ardhi hairudi kijijini kwa miguu yake.

Ardhi hizo katika karatasi ziliitwa pori, neno litumikalo kama kwamba maana yake ni pahali pasipo na kitu. Mwanamke wa kijijini hulijua pori kwa maana nyingine. Humo hutoka kuni, uyoga, asali, miti shamba na majani ya mboga ya mwezi wa njaa. Humo konde la mwaka juzi limelazwa lipate kupumua, na mwenye kulilaza anajua mwaka atakaoliamsha. Konde lililolala si konde lililokufa, kama mtu aliyelala si maiti. Aliyeliandika kuwa halina mtu alilipita mchana akaliona limelala, naye hakumuuliza mwenyewe ataliamsha lini.

Nchi hii ilikwisha kufundishwa somo hili kwa karanga kabla ya kufundishwa kwa mbono. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipungukiwa na mafuta ya kupikia, na mwaka 1947 serikali yao ikaanza mpango wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa matrekta na mashine nzito, katika eneo kubwa lisilo mfano. Udongo wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, mvua haikufuata kalenda ya wizara, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya paundi zaidi ya milioni 30 kuteketea. Wagogo wa Kongwa waliijua mvua ya nchi yao, lakini hakuna aliyewaona kuwa ni wajuzi. Mafuta yale yalikuwa ya chunguni na mafuta ya mbono ni ya injini, na miaka sitini ilipita katikati. Ila mpango ni ule ule: mwenye haja yuko mbali, ardhi iko karibu, na anayeijua ardhi huulizwa mwisho.

Liko jambo la pili zito kuliko ardhi, nalo ni deni. Katika pwani yetu, maiti anapokwisha kutengenezwa, kabla ya kusaliwa, ndugu yake husimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, kwani deni hulipwa au husamehewa kabla ya mchanga kufukiwa. Mila hii ni ya hekima kubwa, maana inamzuia mtu kuzikwa na mali ya mwenzake. Wataalamu wa maumbile waliochunguza mafuta ya mimea, nao, bila ya kuijua mila yetu, walitumia neno lile lile. Mwaka 2008 walionyesha kuwa msitu ukikatwa au kinamasi cha mboji kikikaushwa ili kupandwa zao la mafuta, hewa ya ukaa iliyokuwa imelala katika miti na udongo huamka ikapanda juu, na hilo ni deni ambalo zao jipya hulilipa kidogo kidogo kila mwaka kwa kuiondoa petroli sokoni. Miwa katika nyika za Brazil hulilipa deni lake kwa miaka 17 hivi. Michikichi katika vinamasi vya mboji vya Indonesia na Malaysia hulilipa kwa miaka 423.

Msomaji na aitafakari hesabu hiyo. Kama aliyeanza kulipa angekuwa ameanza siku ambazo Wareno na Waomani walikuwa wakigombea Mombasa, leo angekuwa hajamaliza. Wahenga walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Mwenye kukausha kinamasi leo anafanya arusi yake, anapiga ngoma na kusifiwa kuwa ameiokoa dunia, na matanga yake yatalipwa na watu ambao mababu wa mababu zao hawajazaliwa bado. Siku ya kusaliwa kwake nani atajitokeza kudai? Wanaomdai hawajaumbwa, na asiyeumbwa hana ulimi. Nionavyo mimi, hapo ndipo dini inapopaswa kusema kwa niaba yao, maana ikiwa mwanadamu ameachiwa ardhi hii kwa amana, kama zinavyofundisha dini zetu zote, basi amana haiwi amana ila pale mwenyewe asipokuwapo kuidai.

Sasa niwape wapinzani wangu nafasi, nisije nikashinda kesi kwa kuwanyima usemi. Husema kwanza kuwa njaa ya dunia haitokani na uhaba wa chakula bali na uhaba wa fedha ya kukinunua, na kuwa bei ya juu humfaa mkulima. Neno la kwanza ni kweli, nalo lanisaidia mimi: ikiwa maskini anashindwa sokoni kwa kukosa fedha, basi kumwongezea mshindani mwenye fedha ni kumwongezea kushindwa. Neno la pili ni nusu ya kweli, kwani wakulima wadogo wengi wa Afrika huuza wakati wa mavuno kwa bei ya chini na hununua wakati wa njaa kwa bei ya juu, na bei ikipanda huwaumiza katika mwezi ambao hawana nguvu. Husema tena kuwa maskini naye ataka nishati. Hilo nalikubali kabisa. Watu wengi wa Tanzania hupika kwa kuni na mkaa mpaka leo, na msitu wa Kisarawe umekwenda mjini ndani ya magunia ya mkaa kwa miaka mingi. Kuni ni mafuta ya mimea ya kale kuliko yote. Lakini mbegu za mbono zilizokusudiwa kupelekwa Ulaya hazikukusudiwa kuliwasha jiko la mwanamke wa Kisarawe.

Wanazuoni wa Kiislamu, Imam Ghazali aliyefariki mwaka 1111 na baada yake Imam Shatibi aliyefariki mwaka 1388, walizipanga haja za wanadamu katika daraja tatu: dharura, ambazo zikikosekana maisha huangamia, haja, ambazo zikikosekana maisha huwa mazito, na mapambo, ambayo yakikosekana mtu huishi na hulalamika. Kulinda nafsi kumo katika daraja ya kwanza, na chakula ndicho kilindacho nafsi. Safari na biashara zimo katika daraja ya pili mara nyingi, na katika ya tatu mara nyingi zaidi kuliko tupendavyo kukiri. Na mafakihi waliweka kanuni nyingine, ya kwamba dhara haiondolewi kwa dhara iliyo mfano wake. Ukiziweka kanuni hizi mbili mbele ya mafuta ya mimea, hukumu inajitokeza bila ya kulazimishwa: zao la mafuta linalochukua mahali pa dharura ya mtu ili kutimiza haja ya mwingine halina uhalali, hata kama moshi wake ni mchache; na zao linaloondoa dhara ya petroli kwa kuleta dhara ya msitu uliokatwa halijaondoa kitu.

Je, ni mafuta yapi basi yanayobaki upande wa halali? Ni yale yatokayo katika kilichokwisha kutoa haki yake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, nyuzi zitakiwazo na wanunuzi ni sehemu nne hivi katika mia ya uzito wa jani. Zilizobaki, kwa miaka mingi, zilikuwa ni uchafu wa kutupwa na kuozesha mito. Huko Hale kilijengwa kiwanda kidogo cha kuyavundisha makapi hayo, kikatoa gesi ya kuzalisha umeme, na kazi yake ilianza katika miaka ya 2007 na 2008. Hakuna aliyenyimwa chakula kwa kiwanda hicho, hakuna konde lililoitwa pori, hakuna msitu uliokatwa kwa ajili yake. Viwanda vya sukari vinavyojiwashia umeme kwa makapi ya miwa, kama vile vya Mauritius, vimo katika hukumu hiyo hiyo, na kadhalika samadi ya zizi, vifuu vya nazi, pumba za mpunga na mafuta yaliyokwisha kukaangia. Torati iliwaamuru wakulima wa Israeli wasivune pembe za mashamba yao bali wawaachie maskini na mgeni. Mtambo naye na awe mgeni wa namna hiyo: ale cha mwisho, na asiketi karamuni kabla ya wenye nyumba.

Mtambo ulao mwisho hautashiba, wala sitaki kumdanganya msomaji. Baada ya mashamba yote yaliyolimwa Marekani, Brazil na Indonesia, mafuta ya mimea ni kama sehemu nne tu katika mia ya nishati iendeshayo vyombo vya usafiri duniani, na makapi peke yake ni machache kuliko hayo. Sababu yake imo katika maumbile ya jani lenyewe: zao la shamba huhifadhi chini ya sehemu moja katika mia ya nuru ya jua iliyoliangukia, ilhali kioo cha kuzalisha umeme kwa jua huchukua kama sehemu ishirini. Atakaye kilometa nyingi kutoka katika ardhi ndogo, na alitafute jua bila ya kulipitisha katika jani. Na jani aliachie kazi ambayo kioo hakiiwezi, nayo ni kulisha. Na kabla ya jani na kioo pana mlango wa tatu ambao hakuna kampuni inayouuza: kiasi. Israfu hukatazwa hata kwa maji ya kutawadha katika mto upitao. Sioni itakavyokuwa halali kwa mafuta ambayo hayapiti, bali hukoma.

Jawabu langu, basi, kwa aliyesimama ufukoni Kilwa Masoko ni hili: moto wa chini ya ardhi tuuache upungue mapema kuliko tunavyofanya sasa, kwani kila siku ya kuuwasha ni dhuluma kwa wasiofaidi, na moto wa mtini tuupokee pale tu ulipokuja baada ya chungu, baada ya kijiji, na baada ya msitu. Mpangilio huo si pambo la maneno. Imepokewa katika hadithi kwamba fitri itolewayo kabla ya sala ya Idi ni fitri iliyokubaliwa, na itolewayo baada ya sala ni sadaka kama sadaka nyingine. Nafaka ni ile ile, pishi ni ile ile, maskini ni yule yule. Kilichobadilika ni nani aliyetangulia. Haki ya tumbo ikiwekwa nyuma ya pipa haiwi haki tena, na masazo yatakayolifikia hayatakuwa ila sadaka.